Oda za vikapu vya ukili: namna ya kuzipanga zisikumalizie ubunifu

Mteja mmoja anataka kikapu cha zambarau na njano. Wa pili anataka kama hicho, ila kiwe kirefu kidogo. Wa tatu ametuma picha aliyoikuta kwenye simu ya shoga yake na anauliza kitakuwa tayari lini. Miezi ikienda hivyo, mkono unaendelea kusuka lakini kichwa hakitoi tena nakshi mpya. Wengi hudhani wamechoka kusuka. Mara nyingi kilichowachosha ni maamuzi: kila oda huanza upya kuanzia rangi, kimo, upana wa ukili (utepe uliosukwa ambao hushonwa kwa kuzungushwa uwe kikapu), vishikio mpaka bei, na maswali hayo huachwa wazi hadi kikapu kinakaribia kuisha.

Mwongozo huu ni wa anayesuka vikapu na mikoba ya ukindu au miyaa (majani ya jamii ya mitende; kila uzi unaochanwa ni mwaa), awe Pemba, Bagamoyo, Tanga au Mombasa, anayepokea oda kwa simu na bado anataka kubuni vitu vyake mwenyewe. Fuata hatua kwa mpangilio huu, kwa sababu hesabu za mwanzo ndizo zitakazokupa ujasiri wa kusema "hapana" mbele ya safari.

1. Hesabu ukili unaoliwa na kikapu kimoja

Kwa kikapu cha duara unahitaji vipimo vitatu: kipenyo cha kitako, kimo, na upana wa ukili wako. Tuchukue kipenyo cha sm 30, kimo sm 30, na ukili wa sm 3.

Kitako: nusu ya kipenyo ni 15. Zidisha 15 × 15 × 3.14, unapata 707.
Ubavu: 30 × 3.14 × 30, unapata 2,826.
Jumla ni 3,533. Gawanya kwa upana wa ukili, yaani 3, unapata sm 1,178, karibu mita 11.8.

Ongeza asilimia 15, kwa sababu kingo hupandana wakati wa kushona na ncha za mwanzo na mwisho hukatwa. Unafika mita 13.5. Kwa pima (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) ya mita 1.8, hizo ni pima saba na nusu. Kwa kazi ya oda usipime kwa mikono, tumia futi kamba. Pima ya mtu mfupi na ya mtu mrefu zinaweza kupishana kiasi cha kukuacha umepungukiwa katika mzunguko wa mwisho, rangi nayo imekwisha.

Sasa rudi kwa yule mteja wa "kirefu kidogo". Ukiongeza sm 5 za kimo kwenye kikapu hiki umeongeza karibu mita 1.8 za ukili. Neno lake dogo lina thamani ya pima nzima, na pima ina saa zake. Mteja hana namna ya kulijua hilo. Wewe ndiye unayepaswa kulijua kabla hujamjibu "haina shida".

2. Pima mwendo wa mkono wako, kisha uukubali

Kwa siku tatu andika umesuka sentimita ngapi kwa saa. Usichukue saa ya kwanza ya asubuhi, mkono ukiwa mwepesi. Chukua saa ya tatu ya kazi. Pima ukili wa nakshi peke yake na ukili mweupe (usiotiwa rangi) peke yake, kwa sababu kuhesabu miyaa ya rangi kunapunguza kasi.

Tuseme umepata nusu pima kwa saa. Kikapu chetu kitakwenda hivi: kuchana na kutia rangi saa 3, kusuka saa 15, kukata ncha na kushona saa 5, vishikio na umaliziaji saa 2. Jumla saa 25. Ukiwa na saa 4 za kazi kwa siku baada ya shughuli za nyumbani, siku 5 kwa wiki, una saa 20. Toa saa 4 kati ya hizo ziwe zako za kubuni. Zinabaki saa 16 za oda kwa wiki, yaani 64 kwa wiki nne.

Vikapu viwili vinakula saa 50. Zilizobaki 14 zitaliwa na simu za wateja, safari ya sokoni, mtoto aliyeugua, msiba wa jirani na siku ya mvua. Kwa hiyo uwezo wako ni oda mbili kwa mwezi. Msukaji huyuhuyu akipokea oda nne, atalazimika kutafuta saa 36 nyingine, na saa za kubuni ndizo zitakazoliwa kwanza, kwa sababu hakuna anayezidai.

Weka namba zako mwenyewe mahali pa hizi. Kanuni haibadiliki: saa za kubuni zitolewe kabla ya kugawa oda. Ukisubiri zitakazobaki, hazitabaki.

3. Punguza anachochagua mteja

Mruhusu mteja achague mambo matatu tu, na kila jambo liwe na mipaka.

Ukubwa: vitatu. Kwa mfano kipenyo sm 20, 25 na 30, kila kimoja na kimo chake kilichokwisha kupigiwa hesabu ya ukili na saa.
Rangi: seti 6 hadi 8 ulizokwisha kuzisuka na kuona zinapatana. Usimwachie achague rangi mojamoja, atakuletea mchanganyiko ambao kwenye unga wa rangi ni mzuri na kwenye ukindu unafifia.
Vishikio: vya ngozi au vya ukili uliosokotwa.

Nakshi, upana wa ukili na umbo vibaki mikononi mwako. Hapo ndipo ubunifu wako ulipo, na ndicho anachokinunua hata kama hajui kukitaja.

Picha za rangi zina tatizo lake, kwa sababu kila simu huonyesha wekundu wake. Piga picha nje, kivulini, saa 3 au 4 asubuhi, na uweke noti ya Tanzania kando ya ukindu: elfu kumi kwa rangi nyekundu, elfu moja kwa buluu. Mteja atachukua noti kama hiyo mfukoni mwake na kulinganisha. Njia hii imeokoa ugomvi mwingi wa "mbona si ile niliyoiona".

Kwa wanaotuma picha ya kikapu cha mtu mwingine, uliza: "Umependa nini hapa, rangi, umbo au vishikio?" Karibu kila mara jibu ni kimoja kati ya hivyo vitatu, na unacho. Akisisitiza kipatikane kilekile, mwelekeze kwa aliyekisuka. Kunakili nakshi ya msukaji mwenzako ni kumchukulia kazi, na pia ni kujifunga miezi katika mawazo yasiyo yako.

Mkikubaliana, mwandikie ujumbe mmoja wenye kila kitu:

"Dada, asante kwa oda. Kikapu: kipenyo sm 30, kimo sm 30, seti ya rangi namba 4, vishikio vya ngozi. Bei 85,500. Kianzio 43,000, kilichobaki siku ya kuchukua. Naanza kutia rangi Jumatatu tarehe 8. Baada ya hapo rangi na ukubwa havibadiliki. Kitakuwa tayari tarehe 27. Ukikubali nijibu 'sawa'."

Bila ile "sawa", usiguse sufuria ya rangi.

4. Bei na kianzio

Bei ina sehemu tatu: vifaa, saa, na nyongeza ya kumsukia mteja kwa matakwa yake. Mfano wa kikapu cha saa 25 kisicho na nyongeza, kwa shilingi za Tanzania: ukindu 8,000, rangi 3,000, ngozi ya vishikio 12,000, saa 25 kwa 2,500 ni 62,500. Jumla 85,500. Rekebisha kwa bei za kwenu na kwa thamani ya saa unayoitaka, lakini saa zisiachwe nje. Anayehesabu ukindu na rangi peke yake hujikuta anauza kazi ya wiki kwa faida ya siku moja.

Kitu chochote nje ya yale machaguo matatu kiwe na bei iliyoandikwa: kila sm 5 za kimo, kila herufi ya jina linaloshonewa kwa uzi, kila rangi isiyo kwenye seti. Usikipangie bei papo hapo mteja akiwa kwenye simu. Utaona haya na kutaja ndogo.

Kianzio kiwe nusu. Sababu ni hii: katika mfano wetu nusu ni kama 42,750. Ukitoa vifaa vya 23,000, inabaki pesa ya saa 8 hivi, yaani kuchana, kutia rangi, na theluthi ya kwanza ya kusuka. Mteja akipotea baada ya hapo hujapata hasara, na ukili uliokwisha kusukwa ni wako. Kianzio cha elfu tano hakikulindi na lolote.

Ndugu na jamaa ni sura nyingine. Ukitaka kumpunguzia wifi au shangazi, mpunguzie pesa, usimpe nafasi ya mbele kwenye foleni. Ukipunguza bei umetoa chako. Ukimrusha foleni umetoa cha mteja aliyelipa kianzio, na usiku utakaousuka kufidia utautoa kwenye usingizi wako.

5. Tia rangi mara moja, na utie zaidi ya unachohitaji

Ukindu wa oda moja utiwe rangi katika sufuria moja, siku moja. Rangi ileile ya unga, ikipikwa mara ya pili, haitoki sawa: maji yamezidi, unga umepungua kidogo, au ukindu wa safari hii ulikauka zaidi juani. Ukikosa pima moja na kupika nyingine, mstari utaonekana kikapuni.

Ili ujue kiasi, suka pima moja, ikauke, ipime kwenye mizani ya jikoni. Zidisha kwa pima zinazohitajika, ongeza sehemu ya kumi kwa ncha zinazokatwa. Kisha ongeza robo. Oda ikihitaji gramu 400, tia rangi gramu 500. Hiyo robo ni mtaji wako wa kubuni, na umelipwa ndani ya oda. Hatua ya 7 inaitegemea.

Upikaji wenyewe: tenga sufuria ya rangi na isirudi kupikia chakula. Koroga unga wa rangi kwenye kikombe cha maji ya moto kwanza, maana vidonge visivyoyeyuka ndivyo vinavyoacha madoa. Loweka ukindu kabla ya kuutia, kwa sababu mkavu hunywa rangi kwa mabaka. Maji yaufunike wote. Chemsha dakika 20 hadi 30 ukigeuza, epua, uache upoe humohumo, suuza mpaka maji yawe meupe, kisha anika kivulini. Anza na rangi nyepesi, malizia na nzito.

Kabla ya kusuka, sugua mwaa mmoja kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Ukiacha rangi, suuza tena. Mkoba unaochuja kwenye gauni la mteja siku ya harusi utakugharimu zaidi ya bei yake. Manjano ya jikoni hutoa njano inayovutia lakini hufifia upesi juani, kwa hiyo yafaa kwa kawa (kifuniko cha chakula) la ndani na haifai kwa mkoba wa kutembelea.

Ukindu uliobaki usiufunge kwenye mfuko wa nailoni, hasa katika masika. Hushika ukungu. Ufunge vitita vyenye namba ya seti na tarehe, uning'inize mahali penye hewa.

6. Panga siku kwa umakini unaotakiwa

Kazi ya kikapu ina sehemu ambazo mtu anaweza kuzifanya huku anapiga soga barazani, na sehemu zinazotaka kichwa chote. Ukizichanganya ovyo, utakuta saa yako yenye akili safi imeishia kukata ncha.

Kazi ya kichwa ni kuanzisha nakshi mpya, kuhesabu miyaa ya rangi, kukata na kuanza kitako. Kazi ya mkono ni ukili mweupe, kukata ncha, kushona ubavu uliokwisha kuanza, kufunga vishikio. Kazi ya simu ni majibu, picha na malipo.

Saa za kubuni ziwe asubuhi, kabla hujafungua simu. Saa mbili Jumanne na saa mbili Alhamisi zinatosha kwa kuanzia. Alasiri weka kazi ya mkono. Simu ijibiwe mara mbili kwa siku, tuseme saa 6 mchana na saa 11 jioni, na uliweke hilo kwenye maelezo yako ya WhatsApp ili mteja asidhani umemnunia. Kila ujumbe unaojibiwa katikati ya nakshi hukupotezea hesabu, na nakshi ya miyaa 11 iliyopotea hesabu hufumuliwa.

Wenzako wakikusaidia kwa malipo ya kila pima, wape ukili mweupe. Ila angalizo: ukili wa mikono miwili usikutane katika ubavu mmoja. Kila mtu ana mvuto wake, na ubavu wa mivuto miwili hutoka na mawimbi hata ukishonwa kwa ustadi. Kitako kiwe cha mtu mmoja, ubavu wa mwingine.

7. Pima moja ya majaribio kila wiki

Chukua ile robo ya ukindu uliobaki. Kila wiki suka pima moja ya kitu ambacho hakijaagizwa. Badilisha jambo moja tu: idadi ya miyaa, mpangilio wa rangi, au upana. Ukibadilisha mawili kwa pamoja na matokeo yakapendeza, hutajua ni lipi lililopendezesha, na kulirudia itakuwa bahati nasibu.

Kila pima ipate karatasi: miyaa mingapi, rangi zipi kwa mpangilio upi, saa ngapi. Itundike kwenye kamba mahali unapokaa kusuka. Usiiuze, usiitume kwa wateja, usiulize watu wanaionaje. Ikikaa machoni pako wiki kadhaa utajua yenyewe kama ina uhai.

Kamba ikifika pima 8 au 10, teua mbili. Zisuke ziwe vikapu kamili katika ukubwa wako wa kawaida, zipige picha, na uziingize kwenye orodha ya seti kwa kuondoa mbili zilizozeeka. Hapa ndipo oda na ubunifu vinapokutana: baada ya mwaka mmoja, vitu ambavyo wateja wanavichagua ni vile ulivyovibuni asubuhi za Jumanne. Mteja anaona ana uhuru wa kuchagua, nawe unasuka nakshi zako.

Pima nyingi zitakuwa mbaya, na hazina hasara: ukindu wake ulikwisha kulipiwa.

8. Kalenda, foleni na kubadili mawazo

Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo usipange kwa kumbukumbu ya mwaka jana. Oda za makawa huja kabla yake, harusi hujaa Shaaban na tena baada ya Idi. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba ya Dar es Salaam huangukia kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai, na watalii wengi wa Zanzibar huja Julai, Agosti na Desemba. Masika ya Machi hadi Mei ni shida ya kukausha. Kama una oda za Aprili na Mei, ukindu wake uchanwe na kutiwa rangi Februari, jua lingalipo.

Nafasi za mwezi zikijaa, jibu liwe fupi: "Mama, mwezi huu nimejaa. Nafasi iliyo karibu ni tarehe 12 mwezi ujao. Nikuandike?" Usieleze shughuli zako, usiombe radhi mara tatu. Anayekihitaji kweli atasubiri.

Mteja akitaka kubadilisha rangi baada ya kupikwa, ana njia mbili: aendelee na iliyopo, au alipie ukindu na rangi upya na tarehe isogee. Akitaka kimo kiongezwe ubavu ukiwa unashonwa, inawezekana, kwa bei ile iliyoandikwa, ikiwa tu ile robo ya ziada inatosha.

9. Kijiti cha sentimita tatu

Kata kijiti chenye urefu sawasawa na upana wa ukili wako. Kila baada ya nusu pima, kiweke juu ya ukili. Mkono uliochoka hulegeza mvuto, na ukili hupanuka bila wewe kuona. Milimita 3 ni ndogo kwa jicho, lakini ubavu wa sm 30 una mizunguko 10 ya ukili, kwa hiyo kikapu kitatoka kirefu kwa sm 3, na cha pili katika jozi ya oda hakitafanana na cha kwanza.

Ukili ukizidi kijiti, angalia kwanza unyevu. Ukindu uliolowa sana husukika kwa urahisi, kisha husinyaa ukikauka na kuacha mianya. Mkavu mno hupasuka. Ufutie kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kuuchovya, na ukili uliosukwa ukae siku nzima kabla ya kushonwa. Kama unyevu uko sawa na bado ukili unapanuka, ni mkono. Acha nakshi siku hiyo, hamia kazi ya kukata ncha au kushona.

Ikitokea siku tatu mfululizo, tarehe uliyomwahidi mteja haitafikiwa. Mwandikie siku hiyohiyo, si siku ya kuchukua, na mpe tarehe mpya yenye siku 5 za akiba. Kisha angalia daftari lako: kuna uwezekano mkubwa zile saa 4 za kubuni zimeliwa wiki mbili au tatu zilizopita. Zirudishe kwanza, na nafasi ya oda inayofuata isijazwe mpaka kijiti kikae sawa tena.